Mgongo wa Sanchabir

Sanchabir Tamang hakuwa mtu wa kugeuziwa shingo. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo kwa nje, na kwenye paji la uso alikuwa na bonde lililochimbwa na namlo, ule mkanda wa katani ambao wachukuzi wetu huuvaa kichwani ili shingo na mgongo visaidiane mzigo. Lakini vilimani kwetu, juu ya soko la Simle, jina lake lilijulikana kuliko la diwani. Mashine ya kusaga mahindi ya kijiji chetu cha Chyamrang aliipandisha yeye. Mabati ya shule, yeye. Jokofu la kwanza kufika huko juu lilipanda mgongoni mwake bila mkwaruzo hata mmoja, likakaa miaka minne bila umeme, likawa kabati la nguo.

Wachukuzi wenzake walimwita Punda wa Serikali. Yeye alikuwa akiwajibu, "Punda wa serikali ana Jumamosi ya kupumzika. Mimi nina mke."

Mke mwenyewe ndiye Mendo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono miepesi, na mumewe alimwita mama Suku, kwa jina la binti yao wa pekee. Yeye alimwita baba Suku wakipatana, na wakikorofishana alimwita Basi Bovu. Mendo mwenyewe alinisimulia walivyokuwa wakitaniana.

"Wake za watu wote wa kilima hiki umewabeba, mimi hata siku moja!"

"Umwa kwanza, nitakubeba."

Maana Sanchabir alibeba wagonjwa pia. Kule kwetu hakuna njia ya gari. Mtu akizidiwa hutiwa ndani ya kapu la mgongoni lililokatwa upande mmoja ili miguu ining'inie, akakaa kitako, mgongo wake kwa mgongo wa mchukuzi, uso ukitazama walikotoka. Sanchabir alikuwa ameteremsha watu karibu arobaini kwa namna hiyo, wajawazito, wazee, mwalimu aliyeng'atwa na nyoka, na hakuna hata mmoja aliyemfia njiani. Hilo ndilo alilojivunia kuliko jokofu.

Mimi naitwa Yangjen. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika kituo cha watu waliovunjika uti wa mgongo, nje kidogo ya Kathmandu. Kwenye karatasi mimi ni msaidizi wa wodi. Ukweli ni kwamba nageuza wagonjwa kila baada ya saa mbili wasije wakaoza mgongo, nawasafisha wasichoweza kujisafisha, na nawafasiria watu wa kwetu maneno ya madaktari. Ulimi wangu ni mkali, najijua. Ndugu wa mgonjwa akija kulala kitandani mwa mgonjwa namfukuza kwa fagio. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nilikuwa mpole siku ile niliponyamaza.

Mendo alianguka mwezi wa Phagun, baridi inapoisha, wakati majani yamekauka na nyati hana cha kula. Mwezi huo wodi yetu hujaa wanawake. Wanapanda miti ya malisho na mundu kiunoni, wanakata matawi, tawi moja linawadanganya. Mendo alianguka kimo cha watu watatu, akapiga kiuno kwenye ukingo wa mawe wa shamba la ngazi. Sanchabir alikuwa hapo chini akifunga matita.

Mendo alikuwa na fahamu zake zote. Alitukana mti, akamtukana nyati, kisha akasema, "Baba Suku, kuna kijiwe ndani ya kandambili yangu, kinaniuma. Nitolee."

Sanchabir akamtolea. Akaona vidole vya mguu vinachezacheza. Akashukuru miungu yote ya kilima, akaenda kuleta kapu.

Jirani yao mmoja, mzee Gyalbo, aliwahi kuwa mpishi katika jeshi la India, na huko aliona majeruhi wakibebwa. Akang'oa mlango wa nyumba yake, akauleta mbio na wanawe.

"Mlaze hapa, Sanchabir. Tumfunge na shuka, tumshike wanne."

Sanchabir alimtazama kama ametukanwa. Kwetu anayelazwa chali akabebwa na watu wanne ni mmoja tu, naye hasikii tena.

"Mlango? Mke wangu amekufa?"

"Sijasema amekufa. Nasema mgongo..."

"Mgongo! Wewe umepika dengu miaka kumi na tano, leo unanifundisha mimi mgongo?"

Watu wakacheka, hata Mendo alicheka, akashika mbavu kwa maumivu. Wanawake wazima wakamwambia Gyalbo aondoe uchuro wake. Mlango ukarudishwa. Wakamwinua Mendo, mmoja akishika makwapa, mwingine magoti, wakamkunja ndani ya kapu. Alipiga yowe moja, Sanchabir akaweka namlo kichwani, akainuka.

Ni mwendo wa saa nne mpaka Simle. Saa ya kwanza Mendo alilia kila ngazi ya jiwe. Saa ya pili alisema miguu inakufa ganzi. Sanchabir akamwambia ganzi ni ya kukaa, wagonjwa wote wa kapu hufa ganzi. Baadaye kidogo Mendo alisema kiuno hakimuumi sana tena.

Haya ya njiani nilisimuliwa na Sanchabir mwenyewe, siku ya kwanza alipofika kituoni kwetu, wiki tatu baada ya hospitali kubwa kumwekea Mendo vyuma mgongoni. Alikuwa amekaa ukumbini anakula ugali wa ulezi, kanialika tonge.

"Nilimteremsha kama yai, mdogo wangu," aliniambia. "Mpaka maumivu yakaisha! Nusu ya njia hakulia tena. Nikafurahi, nikaimba. Waulize watu wa Simle, niliingia sokoni naimba."

Nililirudisha tonge sahanini. Mimi sikusoma, lakini baada ya miaka yote hiyo najua maana ya mgonjwa wa uti wa mgongo ambaye maumivu yanamwisha njiani. Nikamwambia ugali umekosa chumvi, nikaondoka.

Mendo naye alikuwa anajua. Hilo ndilo lililonitesa. Siku ya pili nilipokuwa namgeuza, akanishika mkono.

"Dada Yangjen, nikuulize, usinifiche. Nilipokuwa chini ya ule mti niliisikia miguu yangu. Kijiwe kiliniuma. Nilipofika sokoni sikuwa na miguu. Ilinipotelea wapi?"

Nikaendelea kumwekea mto mgongoni.

"Ni ndani ya kapu, sivyo?"

"Huenda," nikasema. "Huenda pia ni lile gari kutoka Simle. Huenda damu ilivilia polepole. Daktari mwenyewe hawezi kuapa."

"Usinizungushe. Ni ndani ya kapu." Akafuta pua kwa kona ya shuka. Kisha akanibana kiganja kwa nguvu. "Basi asijue. Nakuomba kwa jina la mama yako. Mimi miguu yangu imekwenda, imekwenda. Lakini yule akijua ni yeye, atajitupa mtoni. Humjui. Aliwahi kuvunja kioo cha mtu akakaa siku mbili bila kula."

"Mimi sijui kusema uongo, mama Suku."

"Hujaambiwa useme uongo. Nyamaza tu."

Nilikasirika. Nilimkasirikia kwa kunitwika mzigo usio wangu, nikamkasirikia mumewe anayeimba, nikamkasirikia Gyalbo aliyeurudisha mlango wake kwa sababu ya kicheko cha watu. Lakini nilipoutazama uso wake nikakubali. Na kuanzia hapo niliogopa Jumatano.

Jumatano ndiyo siku ya somo la ndugu wa wagonjwa. Daktari Dhungel, msichana mwembamba mwenye miwani, huweka mezani uti wa mgongo wa plastiki, pingili juu ya pingili, na katikati yake kamba ya mpira ya rangi ya manjano. Anaeleza, mimi nafasiri. Sanchabir Kinepali alikijua, lakini ni Kinepali cha njiani, cha uzito, bei na matusi. Kile cha daktari kilimpita juu ya kichwa. Kila alichokijua siku ile kilipita kinywani mwangu kwanza.

Alikuja amechana nywele. Alikaa mbele kabisa, kwa sababu mgongo ulikuwa fani yake.

"Huu mfupa si mmoja," daktari alianza, nami nikafasiri. "Ni pingili thelathini na tatu. Za chini kabisa zimeshikana, za juu kila moja inacheza. Ndani ya kila pingili pana tundu, na matundu yote yakipangwa yanakuwa bomba moja refu. Ndani ya bomba hilo anaishi mwenye nyumba. Ndiye huyu wa manjano. Huu ndio ugwe wa mgongo."

"Mnene kiasi gani kwa mtu kweli?" Sanchabir aliuliza.

"Kama kidole chako cha mwisho."

Akakitazama kidole chake. "Urefu?"

"Dhiraa moja. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole."

Akapima kwenye mkono wake, akacheka peke yake. "Yaani mimi nimebeba kilo mia kwa kijiti hiki?"

Daktari akacheka pia. Akamweleza kwamba kilo mia zilibebwa na mifupa na nyama za mgongo, ugwe haubebi kitu. Kazi yake ni kupeleka habari na kuleta habari. Unaanza pale ubongo unapoishia, chini ya kisogo, unateremka hadi mbavu zinapokwisha, juu kidogo ya kiuno, basi, hapo umekwisha. Kutoka hapo kwenda chini ni nyuzi nyingi tu zinazoning'inia kama mkia wa farasi. Kila pingili inapoachana na mwenzake hutoka mishipa ya fahamu, mmoja kulia na mmoja kushoto, jozi thelathini na moja. Na kila mshipa una mizizi miwili. Wa mbele hupeleka amri: inuka, kanyaga, shika. Wa nyuma huleta habari: hapa pana moto, hapa pana mwiba.

"Hapa pana kijiwe," Sanchabir akasema.

Sikulifasiri hilo. Mendo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu pembeni yangu, naye hakugeuka.

Daktari akaonyesha picha ukutani, ugwe umekatwa kama kipande cha figili. Ndani yake palikuwa na kivuli cha kijivu chenye umbo la kipepeo, kimezungukwa na weupe. Akasema kijivu ndiko amri hupokelewa na weupe ni njia za kupita habari, za kupanda na za kushuka. Akaeleza zile tando tatu zinazoufunika, na maji yaliyo baina yake, ili mtu akiruka au akicheza ngoma ugwe usijigonge kwenye mfupa. Sehemu mbili umenenepa kidogo, moja kwa ajili ya mikono, moja kwa ajili ya miguu. Watu walisikiliza kimya. Mzee mmoja nyuma aliuliza kama ugwe ukikatika unaungwa kwa dawa gani.

"Mfupa huunga. Ngozi huunga," daktari alijibu. "Huu hauungi."

Niliyafasiri hayo nikitazama sakafu.

Kisha ikaja sehemu niliyoiogopa. Daktari aliinua ule uti wa plastiki, akaonyesha pingili moja iliyotengenezwa kwa makusudi imepasuka, kipande chake kimelegea. Akasema kwa Kinepali chake cha haraka kwamba watu wengi huanguka mfupa ukavunjika na ugwe ukabaki mzima, au umeumia kidogo tu. Anayewamaliza ni anayewanyanyua. Mgonjwa alazwe chali juu ya ubao, afungwe, asikalishwe, asikunjwe, asitiwe kwenye kapu. Alipokuwa anasema aliukunja ule uti kwa mikono miwili, na kile kipande kikasogea ndani, kikaibana kamba ya manjano mpaka ikawa nyembamba kama uzi.

Wote wakanigeukia.

"Daktari anasema," nikasema, "mgonjwa anywe maji mengi, na ageuzwe kila baada ya saa mbili."

Daktari Dhungel hajui Kitamang, lugha yetu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Mendo alipumua. Nikadhani tumepita.

Lakini Sanchabir alikuwa mtu wa mizigo. Katika maisha yake yote hakuna kitu alichokielewa kwa kuambiwa. Alikielewa kwa kukishika. Akanyoosha mikono, akaomba ule uti. Daktari akampa, amefurahi kupata mwanafunzi. Sanchabir akaupakata. Akauweka wima juu ya goti lake. Akaukalisha, akaukunja pale katikati, taratibu, kiasi kile kile mtu anachokunjika ndani ya kapu. Akainamisha kichwa akatazama kwa ubavuni. Akaunyoosha. Akaukunja tena. Kisha akautikisa kidogo juu na chini, kama mtu anayeteremka ngazi za mawe, na macho yake yalikuwa kwenye ile kamba ya manjano.

Sijui alitikisa mara ngapi. Aliurudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, akatoka nje.

Nilimkuta kwenye bomba la maji, ameweka kichwa chote chini ya maji. Hakunigeukia.

"Mdogo wangu, daktari alisema maneno mengi. Wewe umesema machache."

"Ndivyo kinavyokuwa Kinepali, kaka. Kina maneno mengi ya bure."

"Ulikatika kule mtini?"

Mimi Yangjen, ninayejisifu kwa kusema kweli mpaka watu wananichukia, nikasema, "Kule kule mtini."

Akaenda akamuuliza Mendo. Mendo akamwambia, "Kule kule mtini, baba Suku. Nilipogusa tu chini, sikuwa na miguu."

"Na kijiwe?"

"Kijiwe gani? Nilikuwa naweweseka."

Akasema, "Haya." Akaenda kumchukulia chai. Hakujitupa mtoni. Tukaangaliana mimi na Mendo, tukaona tumemwokoa.

Mwezi wa Asar, mvua zinapoanza, Mendo aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mgongo wake ulikuwa umeshikwa na vyuma, mfupa umeunga, aliweza kukaa kitini kutwa nzima. Nilitumwa nimsindikize. Tulishuka garini Simle asubuhi, na watu wa Chyamrang walikuwa wamekuja kumpokea: Suku amesuka nywele, Gyalbo na wanawe, wanawake wenye mashada ya maua. Kapu jipya lilikuwa limeletwa, limefumwa upana, limetandikwa blanketi. Daktari alikuwa amekubali. Safari hii halingemdhuru tena.

"Nibebe, Basi Bovu," Mendo akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Leo sina haraka."

Watu wakacheka. Sanchabir akachuchumaa, akaweka namlo kwenye lile bonde la paji lake, akainuka vizuri tu. Mendo alikuwa amekonda, hakuwa na uzito wa gunia la mchele. Akapiga hatua moja, mbili. Nilizihesabu, zilikuwa saba. Kwenye ngazi ya kwanza ya jiwe akasimama. Mtu aliyepandisha mashine ya kusaga alishindwa kupanda ngazi moja. Akalishusha kapu polepole sana, akakaa kando yake na uso kati ya magoti.

"Kesho," akasema.

Kijana mmoja wa Gyalbo akasogea achukue namlo. Mendo akampiga kibao cha mkono.

"Toka! Nina mume."

Baadaye alinieleza kwa kuninong'oneza. "Nikipanda kwa mgongo wa mtu mwingine, kilima kizima kitauliza kwa nini. Na wataambiana kwa nini. Gyalbo yupo." Kwa hiyo walipanga chumba nyuma ya duka la nguo hapo Simle, kwa siku chache, mpaka Sanchabir atakapokuwa tayari.

Siku chache hizo zilikuwa miaka mitatu.

Nilikuwa nafika mara mbili kwa mwaka kumpima Mendo. Mlango wa chumba ulitazama kilima, na siku isiyo na mawingu uliona paa la nyumba yao, hata moshi wa jiko uliuona. Suku aliishi huko na bibi yake na nyati, akishuka kila Jumamosi na maziwa ya mgando. Mendo alijua kwa kutazama moshi kama bintiye amechelewa kuamka. Sanchabir aliacha uchukuzi, akawa anapakua magari sokoni, mabegani tu, kamwe si kwa namlo. Alimwosha mkewe, alimgeuza, alimchana nywele, sijapata kuona mume wa namna ile. Lakini hawakuwa wakizungumza. Wale watu waliokuwa wakitukanana kutwa nzima kwa mapenzi walikuwa wakipeana chai kama wageni.

"Kila asubuhi namwambia twende," Mendo aliniambia. "Kila asubuhi ananiambia kesho. Dada, tulikosea wapi? Hajui kitu, na bado amekufa."

Na kila nilipokuwa naondoka Sanchabir alinisindikiza mpaka kwenye gari, na kila mara aliuliza swali lile lile.

"Ulikatika kule mtini?"

"Kule kule, kaka."

"Haya."

Mwaka wa tatu, mwisho wa mvua, figo za Mendo ziliharibika, kama zinavyoharibika za wengi wao. Nilipopata habari alikuwa amekwisha kufa, na mwili umechomwa kule juu, kwenye kilima cha nyumbani, na malama, makuhani wetu, walikuwa wamemaliza kusoma sala. Alipandishwa na wanaume wanne. Sanchabir alitembea nyuma yao mikono mitupu.

Nilimkuta Simle, ndani ya chumba kile kile, amekaa mlangoni. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimekunjwa ukutani. Akanimiminia chai. Tulikaa. Sikungoja aulize. Aliyeniapisha hayupo tena, na nilikuwa nimechoka na ule uongo mpaka mifupani.

"Kaka Sanchabir. Ule ugwe haukukatika mtini."

Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ni ndani ya kapu," nikasema. "Yeye alijua tangu mwanzo. Aliniomba ninyamaze. Aliogopa utajitupa mtoni."

"Najua ni ndani ya kapu," akasema. "Nilijua tangu Jumatano ile. Nina mikono, mdogo wangu."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaniuliza kila mara?"

Aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimsikia amekasirika.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie! Mtu akimkosea mwenzake kwetu anafanya nini? Wewe si Mtamang? Anachukua chupa ya pombe, anakwenda, anaiweka mbele yake, anainamisha kichwa miguuni kwake. Yule anamtukana, anampiga hata viatu, kisha anainywa chupa na mambo yamekwisha. Mendo angenitukana mwezi mzima! Halafu angeinywa. Namjua. Nilinunua chupa wiki ile ile." Alinyoosha mkono kuelekea chini ya kitanda. Ilikuwa hapo, imefungwa kwa kitambaa, imejaa vumbi. "Lakini utaipelekaje chupa kwa mtu anayeapa kwamba hukumkosea? Kila nilipotaka kusema, aliniwahi. Kule kule mtini, baba Suku. Anatabasamu. Ningembebaje mtu anayenidanganya kwa huruma, mgongo wake kwenye mgongo wangu? Ningemaliza saa nne nikijua anajua, na yeye akidhani sijui?"

Alianza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, bila kuficha uso. Mwenye duka la nguo alichungulia akarudi ndani. Mimi pia nililia. Nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni, maana nimezaliwa kwenye kilima hicho hicho, nimeona chupa za namna hiyo zikipelekwa tangu utoto wangu, na kwa miaka mitatu yote haikunijia hata mara moja. Neno moja langu siku ile bombani, naye angevunjika, angelia, angeinama, na wiki hiyo hiyo wangekuwa Basi Bovu na mama Suku tena. Asar ile angezipanda zile ngazi.

Nilipoweza kusema, nilimwambia nitaleta chupa yangu. Kwamba mimi pia nimekosa, na nitakuja rasmi, na ndugu zangu, niinamishe kichwa kwake.

Sanchabir alifuta uso kwa kiganja, akatazama kilima.

"Usiilete kwangu," akasema. "Aliyekaa kwenye mlango huu miaka mitatu akitazama nyumbani kwake si mimi."